Pikapu zisizo na pua: tuanze na breki, injini ije mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyochapisha hivi karibuni juu ya pikapu ya zamani isiyo na pua, iliyovuliwa vyuma vyake vya asili na kufungiwa vya kisasa. Makala ile ilinifurahisha, kwa kuwa ni nadra gazeti kutenga ukurasa mzima kwa gari la aina hiyo, lakini nilipofika mwisho nilibaki na swali moja ambalo halikuguswa popote. Mwandishi alitutajia nguvu ya injini mpya mara tatu, akatueleza rangi, akatueleza hata ngozi iliyoshonewa viti, ila hakutuambia gari lile linasimamaje.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajawahi kuiona, pikapu isiyo na pua ni ile ambayo dereva hukaa juu ya ekseli ya mbele au mbele yake kidogo, huku injini ikiwa chini yake au katikati ya viti viwili, imefunikwa kwa sanduku la bati. Boneti haipo, na magoti ya dereva ndiyo kitu cha kwanza unachokutana nacho baada ya bati la uso. Volkswagen walitoa ya kwao mwaka 1952, ingawa wao waliweka injini nyuma. Jeep walifuata na FC-150 na FC-170 kuanzia modeli ya mwaka 1957, Ford wakaleta Econoline mwaka 1961, na Dodge wakaja na A100 mwaka 1964. Wote walitafuta kitu kimoja, yaani nafasi ndefu ya mizigo kwenye gari fupi, na walikipata.

Walichokilipia ni mgawanyo wa uzito. Injini, giaboksi, dereva na abiria wote wamerundikwa juu ya magurudumu ya mbele, na nyuma hakuna kitu isipokuwa bati tupu. Ford walilijua hilo, wakafunga kipande cha chuma cha takriban kilo 75 juu ya magurudumu ya nyuma ya Econoline za mwanzo ili mkia wa gari usielee. Jeep nao walifanya jambo kama hilo kwenye FC-150. Nimewahi kukutana na vijana waliokifungua kipande hicho wakidhani ni takataka ya mwenye gari wa zamani, kisha wakajisifu kwamba wamepunguza uzito.

Sasa tuje kwenye nguvu, kwa sababu ndiyo iliyompendeza mwandishi wenu. Econoline ya mwaka 1961 ilitoka kiwandani na injini ya silinda sita ya lita 2.4, yenye nguvu za farasi 85, tena farasi waliohesabiwa kwa kipimo cha zamani kilichokuwa na ukarimu mwingi. Injini ya LS1 ya General Motors, iliyoanza kwenye Corvette ya mwaka 1997 na ambayo ukoo wake unapendwa sana na wabadilishaji wa magari, ilikuwa na farasi 345. Hapo umezidisha nguvu mara nne katika gari ambalo breki zake, usukani wake na springi zake vilipimwa kwa wale 85. Na hesabu ya mwendo haina huruma: ukiongeza kasi mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne. Kwa hiyo mtu anayeanza na injini, akasema breki atazishughulikia akipata nafasi, amejitengenezea deni ambalo litadaiwa siku asiyoitarajia.

Breki za asili za magari haya ni za ngoma mbele na nyuma. Ngoma ikipata moto hutanuka na kujitenga na brekishuu, yaani vibao vinavyoibana kwa ndani, pedeli ikazidi kushuka, na nguvu ya kusimama ikapungua wakati ule ule inapohitajika zaidi. Tena magari mengi ya miaka hiyo yalitumia masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki pedeli inapokanyagwa) ya chumba kimoja, maana yake ni kwamba bomba moja likivuja popote, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Hata kama mtu hataki kugusa kitu kingine, hata kama anataka injini yake ya asili ibaki na kabureta yake ibaki, masta silinda ya vyumba viwili ni kifaa ambacho sioni hoja ya kukikataa. Niongeze tahadhari moja hapa: brekishuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, hivyo vumbi lililojaa ndani ya ngoma lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Lilowanishwe, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kitupwe.

Kufunga breki za diski mbele ni hatua nzuri, lakini katika pikapu isiyo na pua ina mtego wake, na mtego huo nimeuingia mwenyewe. Gari la kwanza la namna hii nililolifanyia kazi, nilifunga diski mbele, nikafunga masta silinda mpya, nikatoa upepo kwenye mabomba kama inavyotakiwa, kisha nikamwita mwenye gari aje kukanyaga. Mkanyago wa kwanza pedeli ilishuka zaidi ya nusu. Wa pili ikasimama ngumu, safi kabisa. Tukakaa dakika kumi tukizungumza, akakanyaga tena, mchezo ukajirudia. Fundi mwenzangu, mtu mzima ninayemheshimu, akasema bado kuna upepo ndani. Tulitoa upepo mara tatu, tukamaliza chupa mbili za mafuta ya breki, na hali ikabaki ile ile. Kesho yake nililala chini ya gari bila kushika spana, nikawa natazama tu, na ndipo nikaona kilichokuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo.

Katika gari lenye pua, masta silinda hukaa juu, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva, kwa hiyo mafuta hayana sababu ya kurudi nyuma. Katika pikapu ile masta silinda ilikuwa chini ya sakafu, chini ya usawa wa kalipa, yaani vibanio vinavyobana diski. Kila mguu ulipotoka kwenye pedeli, mafuta yaliteremka polepole kwa uzito wake yenyewe, pistoni za kalipa zikalegea, na mkanyago wa kwanza ukawa ni wa kuyarudisha tu. Dawa yake ilikuwa vali ndogo, isiyozidi urefu wa kidole gumba, ambayo hubakiza mgandamizo wa pauni 2 kwa inchi ya mraba katika bomba la diski. Upande wa ngoma hutumika ya pauni 10. Tuliifunga asubuhi, na kufikia saa sita mchana pedeli ilikuwa inasimama palepale kila inapokanyagwa. Nilijisikia mjinga na nilifurahi kwa wakati mmoja.

Kuna mambo mengine mawili ya breki ambayo huwa yanasahaulika. La kwanza ni wenzo wa pedeli. Pedeli isiyo na busta, yaani kifaa cha kuusaidia mguu, huhitaji wenzo wa karibu sita kwa moja, maana yake izidishe nguvu ya mguu mara sita, na yenye busta hutosheka na karibu nne kwa moja; fundi akichukua masta silinda ya gari moja, busta ya gari la pili na pedeli ya gari la tatu bila kupima, atapata breki ngumu kama jiwe au breki inayouma kwa kuguswa. La pili ni magurudumu ya nyuma. Pikapu hii ikiwa haina mzigo, mkia wake ni mwepesi, na dereva anapokanyaga kwa ghafla uzito uliobaki nyuma hukimbilia mbele. Magurudumu ya nyuma yakikaza kabla ya yale ya mbele, mkia hutaka kuja mbele. Vali ya kupunguza mgandamizo wa nyuma lazima ifungwe, na irekebishwe kwa kujaribu gari mahali pa wazi pasipo na watu, likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo.

Baada ya breki ni usukani. Mhimili wa usukani wa pikapu hizi umesimama karibu wima, kama wa basi, na stelingi boksi iko chini ya miguu ya dereva. Wengi hukimbilia kukata fremu ili wafunge stelingi ya gari dogo la kisasa na mikono yake ya mbele yote. Kazi hiyo ikifanywa na mtu anayejua kupima, matokeo ni mazuri sana. Ikifanywa kwa kukadiria, gari huanza kujigeuza lenyewe. Sababu yake inaeleweka ukichuchumaa ukatazama: gurudumu linapopanda juu ya tuta, springi hulipeleka kwenye upinde fulani, na fimbo inayotoka kwenye stelingi boksi hufuata upinde wake. Pinde hizo mbili zikipishana, fimbo huvuta au husukuma gurudumu ingawa dereva hajagusa kitu. Katika gari ambalo umeketi juu ya ekseli yenyewe, hali hiyo haipendezi hata kidogo. Kwa anayetaka wepesi tu, mota ya umeme inayofungwa kwenye mhimili wa usukani, kama ile ya magari madogo ya siku hizi, humpunguzia dereva kazi bila kugusa mpangilio wa chini. Kingipini na tairodi, yaani maungio yanayogeuzia magurudumu ya mbele, zikiwa zimelika, hata hivyo, mota hiyo itasaidia tu kugeuza ubovu kwa urahisi zaidi.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kuchukua kebini ya zamani na kuipandisha juu ya chesisi nzima ya pikapu mpya. Siwalaumu, kwa kuwa breki, stelingi, difu na springi zote huja zikiwa zimekwisha kulinganishwa na mtengenezaji mmoja. Ila chesisi hiyo ilichorwa kwa gari ambalo injini iko mbele ya dereva. Ukimpeleka dereva mbele hadi juu ya ekseli, mhimili wa usukani unabaki nyuma yake na injini inapenya katikati ya sakafu, hivyo kazi uliyodhani umeikwepa inakurudia kwa mlango mwingine, pamoja na uzito wa mbele ulioongezeka.

Sasa joto. Katika gari lenye pua, joto la injini lina boneti, lina matundu ya pembeni, lina upepo wa barabarani wa kulisukuma nje. Katika pikapu isiyo na pua, joto hilo linakaa sebuleni pamoja nawe. Mteja mmoja alinirudishia gari wiki moja baada ya kulichukua, akanyanyua mguu wa kulia kunionyesha soli ya kiatu chake, iliyokuwa imelainika kama nta upande unaogusa sanduku la injini. Bomba la moshi nilikuwa nimelipitisha mahali palipokuwa rahisi kulipitisha. Tangu siku hiyo mabomba ya moshi nayapanga kwanza, kabla ya kukaza hata bolti moja ya viegemeo vya injini, na sanduku nalivika tabaka la kuzuia joto kwa ndani, kisha mpira mpya kuzunguka ukingo wake wote. Mpira huo una kazi kubwa kuliko joto. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu ambayo haina rangi wala harufu, na hapa injini na mapafu ya dereva vimetenganishwa na kipande cha bati kinachofunguliwa kwa mkono.

Rejeta nayo si suala la kununua kubwa zaidi tu. Hewa iliyoingia inahitaji njia ya kutokea, na chini ya magari haya njia hiyo ni finyu, hivyo rejeta kubwa iliyofungwa mahali pasipo na pa kutokea hewa hufanya kazi vibaya kuliko ndogo yenye kava nzuri ya feni. Zaidi ya hayo, mara nyingi sehemu ya juu ya injini inakuwa juu kuliko mfuniko wa rejeta. Hapo mapovu ya hewa hukusanyika kwenye kichwa cha injini na hayatoki kamwe, mpaka ufunge tangi dogo la maji mahali palipo juu kuliko vyote. Wale wanaotatua tatizo la joto kwa kung'oa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, wajue kwamba injini ya kisasa inaongozwa na kompyuta, na kompyuta ikiona maji hayafikii joto lake huendelea kumwaga petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi.

Umeme nitaupitia haraka, kwa sababu hauna siri kubwa. Baadhi ya magari haya, kama Volkswagen za kabla ya katikati ya miaka ya 1960, yalitumia volti 6, na hakuna kompyuta ya injini itakayokubali hilo. Waya zote zing'olewe, ziwekwe mpya za volti 12 zenye fyuzi zake, na alteneta ichukue nafasi ya dinamo. Kuunganisha waya mpya kwenye waya wa zamani uliokauka mpira wake ni kukaribisha moto.

Petroli inahitaji maneno zaidi. Pampu ya zamani ililisha kabureta kwa mgandamizo wa pauni 5 hivi kwa inchi ya mraba, ilhali injini ya ukoo wa LS hutaka takriban pauni 58. Bomba la mpira lililovumilia pauni 5 kwa miaka mingi halitavumilia hizo nyingine, na katika gari hili mabomba hayo hupita chini ya miguu ya watu. Nimeona kazi nzuri kabisa, iliyopakwa rangi ikang'aa, ambayo mabomba yake ya petroli yalikazwa kwa vibanio vya maji ya rejeta. Niliomba gari hilo lisiwashwe, na mwenyewe alinuna.

Ndiyo maana naisogeza injini mwisho wa orodha, na ndiyo maana napendekeza injini ya wastani. Silinda nne ya kisasa yenye farasi 150 ni nyepesi, inaingia kwenye sanduku bila kukata sakafu, inaacha nafasi ya mkono kufikia plagi za nyuma, na bado inalipatia gari nguvu karibu mara mbili ya lilizozaliwa nazo. Najua jibu litakalotolewa. Watanitajia Little Red Wagon, ile Dodge A100 ya mwaka 1965 iliyofungiwa injini ya Hemi ya inchi za ujazo 426 na kuendeshwa na Bill Golden. Lakini wakumbuke kwamba injini ile ilihamishiwa nyuma ya kebini, kwenye sehemu ya mizigo, na matokeo yake gari liliinua magurudumu ya mbele juu na kukimbia kwa mawili ya nyuma. Watazamaji walilipenda kwa sababu hiyo, nami nalipenda pia. Halikuwa gari la kumpeleka mtoto shule.

Mfano ninaouona unafaa zaidi ni Deora, ambayo nayo ilianza kama Dodge A100 kabla ya ndugu wawili, Mike na Larry Alexander, kuibadilisha umbo lote kwa mchoro wa Harry Bentley Bradley. Ilitwaa tuzo ya Ridler mwaka 1967 katika maonyesho ya Detroit, na mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa magari 16 ya kwanza ya kuchezea ya Hot Wheels. Umaarufu wake haukutokana na nguvu za farasi. Watu walisimama wakaitazama kwa sababu mtu aliingia ndani kupitia uso wa gari, na kwa sababu mistari yake ilikuwa imefikiriwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mhariri, mkirudi kwa mwenye pikapu ile, namwomba mpigapicha wenu alale chali apige picha moja kutoka chini. Atuonyeshe masta silinda iko wapi, mabomba ya petroli yamepita wapi, na mikanda ya viti imefungwa kwenye nini, kwa maana mkanda uliokazwa kwenye bati jembamba la sakafu hung'oka pamoja na bati lake. Mwandishi naye amuulize mwenye gari pedeli inasimama kwenye mkanyago wa ngapi. Majibu hayo mkiyachapisha, hata kwa aya mbili tu, nitayasoma kwa makini kuliko nilivyosoma habari za ngozi ya viti.

Wako mtiifu,
Msomaji na fundi wa magari ya zamani
(Jina limehifadhiwa)